Ndoa inapovunjika Nyanda za Juu: uanzie kanisani, BAKWATA, kwenye baraza la kata au ustawi wa jamii?

Kuanzia Mbeya mjini hadi Makete, ndoa ikiingia mgogoro watu wengi humwendea kwanza aliyeifungisha: mchungaji, paroko au shehe. Si vibaya. Anawafahamu wote wawili, pengine alibatiza watoto wao, na hatozi ada. Matatizo huanza mtu anapodhani kwamba mlango huo mmoja utajibu kila swali. Mchungaji anaweza kuwapatanisha, lakini hana mamlaka ya kugawa shamba la parachichi. Hakimu anaweza kuligawa shamba, lakini hukumu yake haimrudishi Mkatoliki kwenye komunyo. Shehe anaweza kuandika talaka ikatambulika msikitini, na huku serikalini mkaendelea kuhesabiwa mke na mume.

Kwa hiyo kabla ya kubisha hodi popote, jiulize unatafuta nini. Unataka mpatane? Unataka usalama kwa sababu unapigwa? Unataka dini yako ikuruhusu kuoa au kuolewa tena? Au unataka mali na malezi ya watoto viamuliwe? Mtu anaweza kuwa na maswali yote manne kwa wakati mmoja, ila kila moja lina mlango wake, na ukikosea mpangilio unaweza kupoteza mwaka mzima.

Karatasi inayofungua mahakama

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 101, inakataza mtu kufungua shauri la talaka kabla ya kupeleka mgogoro kwenye Baraza la Usuluhishi la Ndoa, na Baraza hilo kuthibitisha kwamba limeshindwa kuwapatanisha. Uthibitisho ni cheti, ambacho watu wa mahakamani hukiita Fomu Namba 3. Kifungu cha 106 kinaongeza kwamba cheti kisiwe kimepitisha miezi 6 siku ya kufungua shauri. Mahakama ya Rufani ilikwisha kubatilisha mwenendo wa shauri la talaka lililopita ngazi zote za chini, kwa kuwa cheti halali hakikuwepo. Wanandoa wa namna hiyo huambiwa waanze upya kule chini, kwenye Baraza.

Baraza hilo ni lipi? Hapa ndipo dini na serikali zinapokutana, na ndipo wengi wanapojikwaa. Kifungu cha 102 kinataka kila kata iwe na Baraza. Kifungu hichohicho kinampa Waziri uwezo wa kuteua kamati ya jumuiya fulani, ya dini kwa mfano, iwe Baraza kwa ajili ya watu wa jumuiya hiyo. BAKWATA, yaani Baraza Kuu la Waislamu Tanzania, iliyoanzishwa mwaka 1968, ina mabaraza ya aina hii, na yapo makanisa yenye kamati zilizoteuliwa. Lakini kuwa na kamati ya ndoa ni jambo moja, na kamati hiyo kuteuliwa na Waziri ni jambo lingine. Baraza la wazee wa usharika mahali fulani Rungwe linaweza kuwa limesuluhisha ndoa za wanakijiji kwa miaka mingi, na bado barua yake isiwe cheti machoni pa hakimu.

Swali la kumuuliza mchungaji, paroko au katibu wa BAKWATA siku ya kwanza ni hili: "Kamati yenu imeteuliwa na Waziri kuwa Baraza la Usuluhishi la Ndoa, na mkishindwa mnatoa Fomu Namba 3?" Akisita, pokea usuluhishi wake kwa moyo mweupe, lakini cheti kakitafute kata.

Kamati ya dini na baraza la kata, ana kwa ana

Kwa sheria yenyewe mabaraza haya hayatofautiani. Kila moja lina mwenyekiti na wajumbe wasiopungua 2 wala kuzidi 5. Wakili haruhusiwi kukusemea, na mtu mwingine asiye ndugu haruhusiwi pia, mpaka Baraza likubali. Kila mmoja husikilizwa, Baraza huweza kuahirisha na kuita watu wengine, na likishindwa hutoa cheti kinachoeleza lilichokibaini. Sehemu hiyo ya mwisho husahaulika mno: cheti kisichosema lolote zaidi ya "tumeshindwa" ni rahisi kupingwa. Kabla hujaondoka hakikisha kina majina kamili ya wote wawili, tarehe, walichobaini wajumbe, sahihi ya mwenyekiti na muhuri.

Tofauti kubwa iko kwenye watu waliokaa mezani na kwenye shabaha yao. Kamati ya dini inaamini ndoa ni agano, au kwa Waislamu ni mkataba ambao Mungu ni shahidi wake, kwa hiyo itavuta kuelekea kupatana hata mara ya tatu na ya nne. Ukitaka kupatana kwa dhati, hakuna mahali pazuri kuliko hapo. Muda upo, sala ipo, na yupo mtu atakayepita nyumbani baada ya wiki mbili kuona kama ahadi ilitimizwa. Baraza la kata halifuatilii hivyo. Wajumbe wake wana migogoro ya mipaka ya mashamba na madeni ya mbolea inayowasubiri, wakishawasikiliza mara mbili au tatu wanaandika.

Upande wa siri, kamati ya dini ina sifa kuliko inavyostahili. Kwenye usharika mdogo wa kijijini mzee wa kanisa ni shemeji wa mtu, na maneno ya Jumanne yatakuwa kisimani Jumatano. Kata za mjini, tuseme Iyunga au Uyole, wajumbe wanaweza wasikujue kabisa, na kwa mambo ya chumbani kutojulikana ni nafuu.

Kuna pia suala la kata ipi. Kwa kawaida ni ile anakoishi mume. Mke aliyerudi kwao Mafinga huku mume akiwa Mbalizi hujikuta amepeleka shauri kwenye kata ya wazazi wake kwa sababu ndiyo ya karibu, halafu mahakamani upande wa pili unaibua hoja kwamba Baraza lile halikuwa na mamlaka. Nauli ya kwenda Mbalizi mara mbili inauma, ila kurudia shauri zima kunauma zaidi.

Mkiwa wa dini mbili, mume Mwislamu na mke Mmoraviani kwa mfano, msihangaike na kamati ya upande mmoja. Hamna jumuiya moja kisheria, nendeni kata. Walioishi bila ndoa ya kufungishwa, "sogea tuishi", nao mlango wao ni huohuo wa kata. Kifungu cha 160 kinaruhusu mahakama kuwadhania kuwa mke na mume iwapo wameishi pamoja miaka 2 au zaidi na watu wakawatambua hivyo. Kanisani watu hawa wataambiwa kwanza wafunge ndoa, ambalo si jibu la swali walilokuja nalo.

Mmoja akikataa kuitikia wito, Baraza lisiahirishe bila mwisho. Kukataa kwa makusudi kufika mbele ya Baraza ni miongoni mwa mambo yanayoondoa sharti la cheti. Mengine ni mwenzi aliyekutoroka na hujui aliko, aliye nje ya nchi na hatarajiwi kuingia ndani ya miezi 6, aliyefungwa maisha au kifungo cha miaka 5 na kuendelea, mwenye maradhi ya akili yasiyopona, na mazingira ya pekee ambayo mahakama itaona yanafanya usuluhishi usiwezekane. Hata hivyo omba Baraza liandike kwamba aliitwa tarehe fulani na fulani na hakufika, na utunze nakala za wito.

Wakatoliki: swali ni siku ile ya harusi

Kwa Kanisa Katoliki, ndoa halali ya wabatizwa iliyokamilishwa haivunjwi na mamlaka yoyote ya kibinadamu, iwe ya hakimu au ya Kanisa lenyewe. Kinachowezekana ni Mahakama ya Kanisa jimboni kutangaza kwamba ndoa haikuwepo tangu mwanzo. Kwa hiyo ushahidi wa kumpelekea paroko si ule wa kumpelekea hakimu. Hakimu atauliza ndoa imevunjika vipi. Mahakama ya Kanisa itauliza siku ile altareni kulikuwa na nini: ridhaa ilikuwa huru? Kulikuwa na udanganyifu juu ya jambo zito? Mmoja alikuwa na uwezo wa akili na nafsi wa kubeba wajibu wa ndoa? Binti aliyelazimishwa na wazazi kwa kuwa alikuwa mjamzito na mahari ilishapokelewa ana hoja ya kusikilizwa. Mume aliyeanza ulevi mwaka wa 8 wa ndoa, peke yake, si hoja, ijapokuwa mahakamani ulevi huo ndio ushahidi mkuu wa ndoa iliyovunjika.

Tangu mwaka 2015 Papa Fransisko aliporekebisha utaratibu, si lazima tena hukumu ya ubatili ipitishwe mara mbili na mahakama mbili. Hukumu moja inatosha kama hakuna rufaa. Na hofu iliyoenea kwamba ndoa ikitangazwa batili watoto wanakuwa haramu haina msingi: sheria ya Kanisa inawahesabu watoto wa ndoa iliyofungwa kwa nia njema kuwa halali.

Mkatoliki ambaye haombi ndoa nyingine ana njia ya tatu ambayo haisemwi vya kutosha kwenye jumuiya ndogondogo, nayo ni kutengana. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1153, inampa mwenzi sababu halali ya kuondoka pale mwenzake anapomhatarisha sana yeye au watoto, kimwili au kiroho. Serikalini nako ipo amri ya kutengana, na sharti la cheti limewekwa kwa talaka. Anayetengana kwa sababu hiyo hajavunja kiapo chake na hazuiliwi sakramenti kwa kutengana tu.

Walutheri, Wamoraviani na Wapentekoste

Hapa hakuna mahakama ya kanisa ya namna hiyo. Mgogoro hupanda kutoka kwa mzee wa kanisa kwenda kwa mchungaji na baraza la wazee la usharika, na mambo mazito ngazi za juu. Silaha yao ni marudi, yaani kutengwa na Meza ya Bwana kwa muda. Kwa mtu wa Tukuyu ambako Wamoraviani na Walutheri wamekuwepo tangu mwaka 1891, kutengwa ni aibu ya ukoo mzima, na ndiyo maana usuluhishi wao una nguvu. Nguvu hiyohiyo hugeuka kuwa kero pale anayetengwa ni yule aliyekimbia kipigo huku mpigaji akiendelea kuimba kwaya. Ukiona hivyo, usibishane na mzee wa mtaa. Peleka maandishi kwa mchungaji na uombe kusikilizwa na baraza zima. Ruhusa ya kufunga ndoa nyingine baada ya talaka nayo huamuliwa huko, na watataka kuona hukumu ya mahakama kwanza, kwa hiyo anza na serikali.

Kwenye makanisa ya kipentekoste mengi neno la mwisho ni la mchungaji mmoja. Hilo huharakisha mambo, na huyafanya yategemee busara ya mtu huyo.

Waislamu: mpangilio wa hatua ndiyo kila kitu

Qurani (4:35) yenyewe inaagiza wasuluhishi wawili, mmoja kutoka kwa jamaa za mume na mmoja kutoka kwa jamaa za mke. Kwa hiyo kuanza na familia, kisha imamu, kisha BAKWATA ni mwendo unaokubaliana na dini na wenye faida kisheria pia. Kosa la kawaida ni mume kutamka au kuandika talaka kwanza, mke akakaa eda, kila mtu akaenda zake, wakiamini kwamba ndoa imekwisha. Kidini huenda imekwisha. Kwa Sheria ya Ndoa, kifungu cha 107, mahakama inatazama mambo matatu: ndoa ilifungwa Kiislamu, Baraza limethibitisha kushindwa, na *baada ya* cheti hicho mmoja wao amefanya tendo ambalo kwa sheria ya Kiislamu huvunja ndoa. Yakitimia yote, mahakama inaona ndoa imevunjika na kutoa amri ya talaka. Njia hii ni fupi kuliko ya wengine wote. Talaka ikitangulia cheti, ufupi huo unapotea.

Mwanamke asiyepewa talaka ana khului, ya kujikomboa kwa kurejesha mahari au kitu watakachoafikiana, na fasakhi, yaani kadhi kuivunja ndoa, pale panapokuwa na sababu kama kutotunzwa. Ofisi ya kadhi ya BAKWATA hushughulikia haya kwa upande wa dini. Uamuzi wake lakini hauna nguvu ya kumkamata mtu mali. Suala la kuipa Mahakama ya Kadhi nguvu ya dola lilibishaniwa vikali katika Bunge Maalumu la Katiba mwaka 2014, na ibara ya 19 ya Katiba iliyopo inaweka uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya mamlaka ya nchi. Unaweza kuunga mkono upande wowote wa ubishi huo. Mwanamke wa Kiislamu mwenye nyumba ya pamoja Mwanjelwa bado atahitaji hakimu.

Ustawi wa jamii na polisi

Afisa ustawi wa jamii wa halmashauri ndiye mlango bora kwa jambo moja: watoto. Anaweza kuwaita wazazi, wakaandikiana kiasi cha matunzo kwa mwezi, ada na bima, bila kugusa suala la talaka. Makubaliano hayo yawe na tarehe ya kulipa na njia ya kulipa (namba ya simu ya kupokelea fedha inatosha), maana "atatoa anapopata" haipimiki. Ila usitegemee barua yake iwe badala ya cheti cha Baraza.

Kama kuna kipigo, usianze na mlango wowote kati ya hii. Anza polisi, Dawati la Jinsia na Watoto, uchukue PF3, fomu ya polisi ya matibabu, uende hospitali, utunze nakala. Kifungu cha 66 kinasema hakuna mwenye haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya viboko, hata kama mila inaruhusu. Wapo viongozi wa dini, na wazee wa ukoo, wanaoshauri mke avumilie kwanza "kwa ajili ya watoto". Ushauri huo hauna mizizi ndani ya dini zenyewe kama wanavyodhani. Kanuni ya 1153 tumeiona, na fikihi, yaani sheria ya Kiislamu, nayo inaitambua dhara kuwa sababu ya mke kuomba kutenganishwa. Kumkalisha aliyepigwa meza moja na aliyempiga, bila mtu wa usalama, kunampa mpigaji nafasi ya pili. Kamati yenye busara huwasikiliza kila mmoja siku yake.

Mali, kabla haijaondoka

Mali ya pamoja hugawanywa na mahakama wakati wa kutoa amri ya kutengana au talaka, kwa kifungu cha 114. Kamati ya dini ikigawa, mgawo huo unashika kama wote wawili wataridhia tu. Tangu shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, mwaka 1983, kazi za nyumbani zinahesabiwa kuwa mchango. Lete lakini kitu mkononi: anayesema "nilipika na kulea" na anayesema "nilipalilia ekari mbili za mahindi kila msimu, na majirani hawa wanajua" hawapimwi sawa.

Mikoa hii ina ugumu wake. Mali ya familia Mufindi au Njombe mara nyingi ni miti iliyosimama, na msitu wa misindano huuzwa asubuhi moja kwa simu. Miezi ya usuluhishi inatosha kuumaliza. Siku unayopeleka shauri kwenye Baraza, piga picha za shamba, hesabu mistari, andika umri wa miti, chukua nakala ya hati ya hakimiliki ya kimila au barua ya kijiji, na umjulishe mtendaji wa kijiji kwa maandishi kwamba kuna mgogoro. Nyumba ya ndoa ina kinga yake: kifungu cha 59 kinazuia mmoja kuiuza au kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake, na unaweza kuiwekea zuio kwa msajili kama ina hati.

Mahari nayo huchanganya watu, hasa ng'ombe wa Kinyakyusa. Kutokulipwa mahari hakubatilishi ndoa, kwa hiyo kauli ya "hukumaliza ng'ombe, binti si mkeo" haina nafasi mahakamani.

Kwa hiyo ubishe wapi

Wenye ugomvi wa fedha, ulevi au ndugu wa mume, na bado wanapendana: kamati ya dini, miezi mitatu hadi sita, bila kuharakisha kata. Aliyeamua kuachana na ana mali: kata mara moja, au BAKWATA na kanisa lenye Baraza lililoteuliwa, kisha mahakama ya mwanzo. Mkatoliki anayetaka kufunga ndoa nyingine kanisani: njia mbili zinazokwenda pamoja, moja kwa paroko na nyingine mahakamani, kila moja na ushahidi wake. Ndoa ikiwa haijatimiza miaka 2, talaka inahitaji kwanza ruhusa ya mahakama kwa sababu ya mateso yasiyo ya kawaida. Hao ndio ambao kamati ya dini inawafaa zaidi, au amri ya kutengana.

Asiyeweza kuandika hati aulize wilayani kuhusu wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Hawatozi. Wakati wa kuuliza ni kabla ya cheti kutolewa, kwa sababu cheti cha katikati ya Machi kinakufa katikati ya Septemba, na kati ya hapo kuna mavuno ya mahindi, ambapo kila mtu husema shauri litasubiri mpaka magunia yaingie ndani.